Adhana ya Dar

Nilimpeleka mama kufuturu hotelini, hapa Songea, kwa pesa yangu ya kwanza ya utafiti. Uji, tambi, mihogo ya nazi, kuku: kila mtu anajipakulia. Televisheni ikatoa adhana ya magharibi. Nikatia tende mdomoni, nikameza.

Mama hakugusa yake. “Hiyo ya Dar es Salaam, mwanangu. Huku jua bado.”

Songea iko magharibi zaidi. Jua huchwa kama dakika 14 baadaye. Nimekua nikilijua hilo. Miaka miwili ya chuo Dar imenisahaulisha.

Tukakaa kimya. Msikiti wa mtaani ulipoadhini, mama alikata tende yake, akanipa nusu.

Siku ile niliilipa baada ya Idi, nikiwa Dar, peke yangu.