KAMERA ILIYORUDISHWA PWANI
Kutoka Bugene hadi chemchemi ya Mutagata

Msafiri atokaye Bukoba kwenda Karagwe hupitia Kyaka, mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalilibomoa daraja la Mto Kagera mwaka 1978, kisha huanza kupanda milima. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi jekundu na mgongo kuuma. Leo lami imetandazwa kiasi cha kilometa 59 hadi Bugene, na abiria aweza kusinzia akipenda. Mimi sikusinzia, kwa kuwa nilikuwa na kamera shingoni na nilikuwa nimejiapiza kurudi na picha ambazo ndugu msomaji hajapata kuziona kwenye kalenda.

Maana kalenda zetu zina ugonjwa. Januari ni Mlima Kilimanjaro, Februari simba wa Serengeti, Machi twiga. Bugene, yenye migomba iliyosongamana, mibuni, na ukungu wa asubuhi unaolala mabondeni kama maziwa yaliyomwagika, haina mwezi wake. Hata baada ya mapori ya Ibanda na Rumanyika kufanywa Hifadhi za Taifa mwaka 2019, wageni wengi wangali wanapita mbali.

Na tazama kioja cha historia. Kamera ilikuwa ije huku zaidi ya miaka 160 iliyopita. Waingereza wawili, Speke na Grant, walipoondoka Unguja mwaka 1860 kutafuta chanzo cha Mto Naili, walibeba vyombo vya kupigia picha, na Grant alikwisha kupiga picha kadhaa pale Unguja. Lakini kazi ya siku hizo haikuwa ya kubonyeza kidude tu. Mpiga picha alijifungia ndani ya hema dogo lenye giza, akapaka dawa sahani ya kioo, akaisafisha papo hapo huku jasho likimtiririka. Speke akaona kwamba joto lile lingemwua mwenzake, akaamuru vyombo virudishwe pwani.

Basi walipofika Bweranyange, ikulu ya Mfalme Rumanyika, mwezi Novemba 1861, Karagwe ikaingia vitabuni kwa kalamu. Grant, ambaye aliugua mguu akabaki huku miezi kadhaa, alichora. Speke alipima. Naam, alipima: alichukua utepe akampima shemeji wa mfalme, mama aliyenenepeshwa kwa maziwa kufuatana na desturi ya ikulu. Mama yule hakukubali hivi hivi. Ilibidi mgeni naye akubali kuonyesha mikono na miguu yake. Wasomaji wengi wa kitabu chake hukumbuka unene wa mama. Mimi hukumbuka masharti hayo.

Kule Bweranyange nilipiga vilima na anga, nikaridhika nusu. Stanley, aliyepita mwaka 1876, aliandika juu ya nyumba ya hazina ya Rumanyika, yenye sanamu za bata na za ng'ombe zilizofuliwa kwa shaba. Nyumba haipo, na anga pekee haisimulii habari hiyo. Nikaamua kufuata njia nyingine ya Stanley, iendayo kwenye maji ya moto.

Kutoka Omurushaka, mji mdogo ulio hapo hapo Bugene, njia hukata kuelekea Nkwenda, katika wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Nilipanda pikipiki. Mutagata ni chemchemi iliyofichwa na msitu. Maji yanatoka mwambani yakiwa ya moto kweli kweli, na katika baridi ya alfajiri mvuke hupanda hadi kwenye matawi. Stanley alioga hapa siku kadhaa, akawakuta wagonjwa waliotoka nchi za jirani. Wagonjwa wangali wanakuja.

Kamera yangu ilipofuka mvuke nikawa sioni kitu. Nilipokuwa nikifuta kioo, sauti ikaniuliza:

"Unampiga nani, mwanangu?"

Alikuwa bibi wa makamo ya mama yangu, ameketi juu ya jiwe, miguu imo majini, magoti yamevimba. Nikampa shikamoo, nikajieleza kwamba natoka gazetini.

"Gazeti hilo linafika Bukoba?"

"Linafika, bibi."

"Basi uso wangu usiutie. Mwanangu yuko Bukoba. Alinipa fedha niende hospitali."

Nilinyamaza. Najua, na wewe unajua, kwamba maji ya moto hupunguza maumivu kwa saa chache na hayatibu goti. Nikamwambia hivyo kwa adabu niliyoweza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hospitali alikwisha kwenda mara mbili, dawa akazimaliza, na maumivu yakarudi. Fedha ya mara ya tatu alikuwa amemnunulia mjukuu sare za shule. Hilo ndilo ambalo mwanawe hakupaswa kulijua kwanza kwa kuona picha.

Nikamwomba basi nipige miguu peke yake. Akacheka.

"Wataka miguu yangu? Vua viatu nawe."

Nikavua. Maji yaliniunguza, nikaruka, na kina mama wengine waliokuwa nyuma ya mvuke, ambao hata sikujua wapo, wakaangua kicheko. Mara ya pili nilivumilia. Tukakaa hivyo bega kwa bega, akanieleza bei ya kahawa na jinsi senene walivyokuwa haba, nami nikapiga picha moja tu, kamera ikielekea chini.

Kabla ya kuondoka aliniahidi kwamba atarudi hospitali baada ya kuuza kahawa. Sikumdai kiapo.

Mhariri alipoiona picha hiyo aliigeuza mara mbili, akauliza hii ni miguu ya nani. Nikamwambia ile myeupe kwa kufungiwa viatuni ni yangu.