Magenge Mawili

Likizo ya Juni iliyopita niliwachukua wanangu wawili kutoka Dar es Salaam hadi Lushoto, katika milima ya Usambara. Binti ana miaka tisa, mdogo wake wa kiume sita. Nilikusudia tutembee kwa miguu kutoka mjini hadi Irente, mwendo wa kilomita tano au sita, mpaka kwenye mwamba unaotazama nyika ya Mazinde kule chini. Mkobani nilitia daftari na kalamu. Nilikuwa na ubeti mmoja kichwani, nikitumaini mlima ungenipa iliyobaki.

Msomaji mpenzi, mlima haukupata hata nafasi ya kunipa. Nusu saa haijatimia, mdogo alikuwa amekwisha kunywa maji yote, na punde akataka kichaka. Tulipotoka kichakani, dada yake alikuwa amemwona kinyonga akivuka njia, akaapa kuwa hasogei mpaka mwenye njia yake avuke salama. Anayemjua kinyonga anajua tulisubiri kiasi gani. Kisha kokoto katika kiatu. Kisha soksi iliyolowa. Na kila kona swali lile lile: “Mama, tumefika?”

Nikatafuta ahadi ya kuisogeza miguu. “Tukifika juu tutakula machungwa.”

“Kuna genge huko?” akauliza mdogo. Mtaani kwetu genge ni meza ya mbao chini ya mwembe, yenye mafungu ya nyanya, vitunguu na machungwa yaliyomenywa.

“Lipo,” nikajibu, bila kufikiri.

Karibu na mwisho wa njia miti huachana ghafla, na ardhi nayo hukoma. Mtoto alikuwa ametangulia, akikimbia. Katika mashairi yangu genge ni ukingo wa mwamba uliosimama wima. Ni neno nililolitunza kwa miaka, na nililionea fahari. Ndilo lililonijia mdomoni.

“Angalia genge!” nikapiga kelele.

Akaangalia. Akaongeza mbio, shingo ameinyoosha, akiyatafuta machungwa.

Kando ya njia alikuwa ameketi bibi mmoja, mzigo wake wa kuni ameutua. Akanyoosha mkono, akamdaka shati. “Simama!”

Zilibaki hatua kama sita. Mimi miguu iliniishia nguvu, hata shikamoo niliitoa nikiwa nimekaa chini.

“Marahaba, mwanangu,” akasema, bila kunikaripia. “Mtoto ukimwambia angalia, ataangalia. Mwambie simama.”

Shuleni tulifundishwa tungo tata kwa “mtoto amelalia uji”, na darasa zima likacheka. Utungo wangu ulikuwa na utata mara mbili: angalia ni jihadhari, na angalia ni tazama, genge ni ukingo, na genge ni meza ya machungwa. Pale mwambani hakucheka mtu. Nilimkumbatia mwanangu kwa nguvu hata akalia, kwanza kwa kubanwa, pili kwa kuwa machungwa hayakuwapo.

Mandhari ya Mazinde niliyatazama kwa dakika mbili tu, mikono yangu yote miwili ikiwa na watoto.

Wakati wa kurudi, mdogo alikataa kuteremka mahali penye utelezi akiwa wima. Akakaa kitako, akajisukuma taratibu, akaiacha nusu ya kaptula yake kwenye changarawe. Huko ndiko kusota kwenyewe, kabla vijana hawajalifanya neno hilo kuwa jina la kuishi kwa dhiki. Alipofika chini alijitazama nyuma, akasema, “Mama, tumesota.” Kwa maana zote mbili alisema kweli.

Usiku, watoto walipolala, niliirudia kamusi. Magenge yote mawili yamo, bega kwa bega, wala la mwamba halina cheo kuliko la nyanya. Mara ngapi nimemsahihisha binti yangu, nikimwambia kuwa lake ni neno la mtaani na langu ndilo la ushairi? Utajiri wa maana ni neema kwa anayesoma ametulia. Kwa anayekimbia ni hatari, na wajibu wa kujua anayesikia analielewaje neno ni wa msemaji.

Daftari langu lilirudi Dar es Salaam na neno moja tu, tena lisilo na kina wala mizani ya kujivunia: simama.