Baba wa bluu

Picha ya baba iliyo ukutani kwa mama, Old Moshi, imegeuka bluu. Haikugeuka siku moja. Mwaka wa kwanza baada ya msiba ilikuwa bado nzima. Mwaka wa pili niliona mashavu yamepauka, nikadhani ni vumbi la kwenye kioo, nikafuta kwa kanga. Krismasi ya mwaka wa nne, nyumba imejaa kama ilivyo desturi ya Wachaga mwezi wa 12, mtoto wa kaka akauliza: "Shangazi, mbona babu ana rangi ya samaki?" Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Mmeziona zile picha za mitindo ya nywele kwenye madirisha ya saluni? Zikikaa juani, wale wadada wote wanakuwa wa bluu. Wekundu na unjano huondoka kwanza, bluu na weusi hubaki nyuma. Ndicho kilichompata baba. Fremu yake inatazamana na dirisha la mashariki, na kila asubuhi jua humpiga usoni. Shati lake la drafti nyekundu sasa ni la kijivu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba pembeni yake, ukuta huohuo, jua hilohilo, yupo bibi. Nyuma ya picha yake mtu ameandika 1968 kwa kalamu ya wino. Alipigwa studio mjini Moshi, kasimama wima kama askari, na mpaka leo unaweza kuhesabu vifungo vya gauni lake. Kingo za karatasi zimeingia unjano kidogo, basi.

Picha nyeusi na nyeupe za zama zile zilitengenezwa kwa fedha. Siyo fedha ya matumizi, ni madini yenyewe. Chumvi za fedha zikipigwa na mwanga, halafu zikaoshwa kwa dawa, hugeuka punje ndogo sana za madini zinazokaa ndani ya utando wa jelatini juu ya karatasi. Jua linapompiga bibi linapambana na madini. Niliwahi kupita Capital Art Studio kule Zanzibar, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye kuendeshwa na mwanawe Rohit. Nilikwenda kikazi, nikakaa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Wakati ule baba alikuwa hai na sikuwaza habari za kupauka. Niliona tu kwamba watu wale wa zamani wananitazama bila wasiwasi.

Ya baba tuliichapisha usiku wa kuamkia maziko. Kaka alishuka mjini na simu yangu, akarudi na A3 ndani ya fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu. Siku ya msiba nani anauliza wino? Miezi michache baadaye simu hiyo ikaibiwa stendi, na picha halisi ikaenda nayo. Nilirudi dukani kwa matumaini. Kijana wa pale alikuwa na adabu sana. "Dada, za misiba tunafuta, zinajaza kompyuta." Nikamuuliza walitumia wino gani. "Wino wa kawaida."

Hapo ndipo nilipoamua kununua printa yangu mwenyewe. Mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua, kwa hiyo nilisoma kwanza, miezi mizima, kama mtu anayetafuta kiwanja.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba wino wa picha uko wa namna mbili kuu. Kuna wino wa rangi iliyoyeyuka, ambao ni kama chai: majani yameachia rangi, na huoni chembe hata moja. Unang'aa na unaingia vizuri kwenye karatasi, lakini kila kipande chake kidogo kiko wazi kwa jua na kwa hewa. Wa pili ni wino wa chembe. Huu ni kama maji ya mfongo baada ya mvua kubwa: rangi ni udongo wenyewe unaoelea, na kila chembe ina tabaka la nje na la ndani. Jua likila la nje, la ndani bado lipo. Wino wa chembe unadumu zaidi, kwa kawaida kwa mbali. Tatizo ni kwamba printa za picha zinazoutumia kwa rangi zote zimetengenezwa kwa ajili ya wapigapicha wakubwa, na bei yake ilinifanya nifunge kompyuta nikanywe maji.

Nikaangukia mtumba. Jamaa mmoja mjini alikuwa anauza Epson L805, printa ya tenki sita ambayo wenye studio wengi wanaijua: nyeusi, bluu, nyekundu, njano, halafu bluu hafifu na nyekundu hafifu, zile mbili zinazofanya ngozi ya mtu ionekane ngozi. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi. Tukachapa picha moja ya majaribio, ikatoka imefifia, kama imeoshwa kwa jiki. Jamaa akasema ni karatasi. Nilipogusa rafu yake nikaona vikombe vyeupe vimepangwa, vya harusi na vya mahafali. Alikuwa ameijaza wino wa kuchapia vikombe na fulana, ule unaosubiri kubanwa na joto kali ndipo ugeuke mvuke na kuingia kwenye kitu. Kwenye karatasi ya picha, bila joto, haufiki popote. "Si unamwaga tu unaweka mwingine, dada," akaniambia. Kwenye mipira, kwenye hedi, kote? Nikamshukuru, nikaondoka.

Mpya ya aina hiyo niliitamani kweli. Wino wake wa chupa ni wa kuyeyuka, lakini chupa halisi na karatasi nzuri ni tofauti kabisa na "wino wa kawaida". Kilichonirudisha nyuma ni maisha yangu mwenyewe. Printa ya tenki inataka kazi. Ukiiacha wiki nyingi, wino unakaukia kwenye matundu ya hedi, ambayo ni membamba kuliko unywele, na Moshi mjini mwezi wa pili tunajua joto lake na vumbi lake. Utaisafisha, na kila kusafisha kunamwaga wino kwenye sponji iliyofichwa chini, na sponji ikihesabiwa imejaa printa inagoma mpaka fundi aje na kompyuta yake. Kwa mwenye duka hayo ni madogo. Mimi nachapa picha kumi kwa mwezi, nikijitahidi.

Karatasi nayo nisiipite. Ile ya kung'aa inayouzwa kwa pakiti stationari nyingi huandikwa uzito tu, gramu 180, gramu 230, na watu huchagua nzito wakidhani ndiyo bora. Uzito unakuambia jinsi itakavyokaa mkononi. Haukuambii kilichopakwa juu yake, na hicho ndicho kinachoushika wino. Nyingi zina vitundu vidogo sana vya kunywa wino haraka ili usichafue vidole, na kupitia vitundu hivyohivyo hewa inaendelea kuila rangi. Ndiyo maana kioo husaidia, ila dhidi ya jua la saa moja asubuhi kila siku, miaka minne, kioo cha kawaida hakifanyi mengi.

Yote hayo nilikuwa nayasoma bila kujiuliza swali la wazi: nitachapa nini? Picha yenyewe sina. Nilijaribu kuiskani ile ya bluu na kuirudishia wekundu kwa programu. Mama akaitazama kwenye kompyuta muda mrefu, akasema, "Umempaka lipstiki." Aisee, ni kweli, nilikuwa nimempaka.

Nakala nyingine ilikuwepo, kwenye kundi la WhatsApp la familia, ambako niliituma siku niliyoipiga, Krismasi ya 2017. Lakini WhatsApp ilikuwa imeibana: pikseli 1200 kwa 1600. Piga hesabu. Ili jicho lisione ukungu ukishika picha mkononi, unahitaji kama pikseli 300 kwa kila inchi. Kwa A3, upana wake unapata kama 100 tu kwa inchi, na uso wa baba unakuwa ukungu wa asubuhi ya Julai. Mahali pekee ambapo baba anatosha vizuri ni kwenye kadi ya posta.

Wasomaji wa Barthes watakumbuka kwamba kitabu chake cha mwisho, *La Chambre claire* cha 1980, kimejengwa juu ya picha moja ndogo ya mama yake akiwa mtoto, na kwamba hakuichapisha kitabuni. Nilipokuwa chuo hilo lilinivutia kama nadharia. Sasa nakumbuka kitu kingine: anaeleza pia kwamba picha ile ilikuwa imepauka na pembe zake zimelika.

Basi nikanunua Canon SELPHY, printa ndogo unayoweza kuibeba kwenye kikapu, isiyotoa kitu kikubwa kuliko kadi ya posta. Haina wino wa maji. Ina utepe, na joto linaihamisha rangi kutoka kwenye utepe kwenda kwenye karatasi, binamu wa mambo ya vikombe, ila hapa joto liko ndani ya mashine yenyewe. Karatasi inatoka na kurudi mara nne. Kwanza njano, halafu nyekundu, halafu bluu, na mwisho utando usio na rangi unaofunika zote. Hakuna cha kukauka kwenye hedi. Ubaya ni kwamba utepe na karatasi huuzwa pamoja, na vyangu vinakuja na basi kutoka Dar. Kampuni inasema picha zinaweza kufika miaka 100 zikihifadhiwa kwenye albamu. Sitakuwepo kuwadai.

Niliichapa palepale kwa mama, mezani. Tulimwangalia baba akitoka: mara ya kwanza wa njano kama ana homa, mara ya pili wa machungwa, mara ya tatu ni yeye. Mama akaipokea kwa mikono miwili.

"Mbona umempunguza?"

Nikamweleza habari za pikseli. Hakusikiliza, alikuwa anatafuta miwani. Akaisogeza karibu, akageukia mlangoni kwenye mwanga.

"Hapa alikuwa amekasirika," akasema. "Umeona mdomo? Mliuchelewesha mbege."

Mimi miaka yote nilidhani anatabasamu.

Nikapanda kiti niishushe ile ya bluu, nimpe na fremu ndogo niliyokuja nayo. Akanizuia. "Iache hiyo. Hiyo ni ya watu wakija." Akafungua kitabu chake cha nyimbo, akaiweka ile ndogo katikati, akakifunga.

Kisha akaniuliza kama mashine bado ina moto, kwa sababu mama mdogo wa Marangu naye hana picha ya mume wake.