Kasongo: Radio ya mama, mashini ya mtoto na kelele isiyoisha

KASONGO – Kwa fundi mmoja wa radio hapa mjini, kijana alifika asubuhi na fimbo ndefu. Chini yake kulikuwa na duara la waya wa shaba, juu radio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Jamaa yake ilikimbia mapigano ya upande wa Salamabila, katika Kabambare, na sasa wanalala kwa ndugu mjini. Mashini hiyo ya kutafuta zahabu aliitengeneza kwa mikono yake. Radio ni ya mama yake.

“Papa fundi, inalia tu,” alisema. “Chuma kiwepo, kisiwepo, sauti ni ile ile.”

Namoya inajulikana na kila mtu huku. Kampuni ya Banro ilichimba pale kwa mashini kubwa mpaka kazi ikasimama mwaka 2019. Wachimbaji wadogo wana sululu na karai. Basi kifaa kinachosikia ndani ya udongo kinamvuta haraka mtu aliyeacha shamba lake nyuma.

Hakuna uchawi ndani yake. Kuna bobini mbili, kubwa chini ya fimbo na ndogo ndani ya kopo, na kila moja inatoa wimbi lake. Radio ikiwekwa kwenye AM inapokea yote mawili, na tofauti yao ndiyo ule mlio. Chuma kikikaribia bobini ya chini, wimbi lake linahama na mlio unabadilika.

Fundi hakugusa bisibisi. Aliuliza kwanza: “Simu yako iko wapi?” Ilikuwa mfukoni. Ilipozimwa, ile trr-trr-trr ikakoma. Kisha wakatembea mpaka uwanja wa mpira, mbali na kibanda cha kuchaji simu, maana regulata na konvertisa za bei ndogo zinazotumika na paneli za jua zinachafua AM vibaya sana. (Wanaolalamika kwamba radio yao inaunguruma usiku waanze kuangalia hapo.) Filimbi nyembamba ikapungua. Ukabaki mlio wa kupanda na kushuka.

“Inua fimbo juu.” Bobini ikiwa hewani, mlio ulitulia. Ikishushwa kwenye majani yenye umande, ulianza tena. Ugonjwa ukajulikana: bobini ilikuwa uchi. Majani mabichi na hata mkono wa mtu vinasogeza wimbi lake, kama chuma. Fundi akaizungushia karatasi ya aluminiamu, akaacha pengo la sentimita 1, kwa sababu karatasi ikifunga duara lote inageuka yenyewe kuwa chuma kinachosikika. Karatasi akaiunganisha na upande wa hasi wa batri. Nyuzi zilizokuwa zinacheza akazishika kwa nta ya mshumaa. Mawe ya radio yaliyochoka akayatoa, maana nguvu ikishuka mlio unahama wenyewe.

Jembe lililofukiwa kina cha kiganja likasikika vizuri. Kijana akacheka.

Fundi hakucheka naye. Alimwambia wazi kwamba vumbi la zahabu na vipunje kama mchele mashini hii haitavisikia. Itasikia misumari, mabati na vizibo vya chupa, na udongo mwekundu wenye chuma kingi utaidanganya. Na mahali palipopiganiwa, asiipeleke kabisa. Haiwezi kutofautisha sufuria na grenadi, na mtu akisikia mlio anachimba. Ukikuta kitu cha namna ile usikiguse wala usikirushie jiwe. Rudi kwa njia uliyokuja nayo, wajulishe viongozi wa mahali, wengine wasipite.

“Sasa nitatafuta nini, papa?”

“Majembe yaliyopotea. Watu watakulipa.”

Jioni mama alifika mwenyewe. “Fundi, nirudishie radio yangu. Saa kumi na mbili wanasoma habari za Kabambare.” Nyumbani hakuna nyingine, na jamaa tatu zinaizunguka kila jioni ili kujua kama barabara ya kwao imefunguka. Fundi alilegeza mpira wa baiskeli, akarudisha radio kwenye FM, akampa.

Fimbo imebaki imeegemea ukuta wa fundi. Ndani kuna radio kuukuu, FM imekufa lakini AM inafanya kazi. Bei bado wanaizungumza.