Kufiwa Ukiwa Mbali

Mwalimu anayekwenda kufundisha ughaibuni hujiandaa kwa yale anayoyaona. Hununua koti zito, hufungua akaunti ya benki, hujifunza kwamba mpango wa kozi aliowagawia wanafunzi wiki ya kwanza ni mkataba, haubadilishwi ovyo. Mimi nilifika Wisconsin mwezi Agosti kupitia programu ya Fulbright ya walimu wasaidizi wa lugha, ambayo humpa mgeni mwaka mmoja wa masomo, miezi tisa hivi, afundishe lugha yake huku naye akisoma kozi kadhaa. Kufikia Oktoba nilishazoea kuitwa kwa jina langu la kwanza na vijana walio sawa na wadogo zangu. Nilishajua basi lipi linafika dukani, na kwamba huko mihogo huuzwa imegandishwa. Nikajiona nimetulia.

Novemba mama mdogo akafariki Tanga.

Ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Alikata roho alfajiri, saa kumi na moja, akazikwa baada ya sala ya adhuhuri, maana sisi Waislamu hatumcheleweshi maiti. Wamarekani walikuwa wamesharudisha saa zao nyuma, jambo wanalolifanya kila Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kati yangu na Tanga kulikuwa na tofauti ya saa tisa. Alipofariki, kwangu ilikuwa saa mbili usiku, niko macho, nasahihisha kazi za wanafunzi. Nyumbani walikaa wakakubaliana nisiambiwe usiku ule. "Yuko peke yake, akipata mshtuko nani atamshika?" Ndivyo nilivyosimuliwa baadaye. Watu walipokuwa wakitoka makaburini nilikuwa usingizini.

Kazi ya kunipigia alipewa mjomba. Akaanza na baridi ya huko, akauliza kama nimekula, kisha akauliza kama chumbani niko na mtu. Hapo nikajua.

Nawaelewa, walinionea huruma. Lakini naona walikosea, na nina sababu.

Kwetu msiba una kazi. Mwanamume wa umri wangu haachwi akae analia, anatumwa. Kuna turubai la kufunga, viti na masufuria ya kuazima, mchele wa kununua, daftari la rambirambi la kushika, wageni kutoka Pangani wa kupokewa stendi. Jeneza hupokezanwa mabegani haraka haraka hata hakuna anayekwenda nalo mbali, kila mtu anataka sehemu yake ya thawabu. Walio karibu zaidi na marehemu ndio wanaoshuka kaburini kumpokea, na mimi ningekuwa mmoja wao. Sijui kama kushuka kule kunapunguza uchungu. Ninachojua ni kwamba aliyeshuka akipanda juu ameshaamini. Mimi sikushuka, na kwa wiki nyingi niliendelea kumwekea habari za kumsimulia nikirudi: theluji ya kwanza, mwanafunzi aliyeniamkia shikamoo akiwa amekaa na miguu juu ya meza.

Nilituma pesa kwa simu. Zilifika upesi, jina langu likaandikwa daftarini katikati ya majina ya majirani. Sizibezi pesa, pilau ya hitima haipikwi kwa machozi. Ila nilikuwa nimegeuka mchangiaji katika msiba wa mama yangu.

Asubuhi ileile ya simu ya mjomba niliingia darasani. Somo lilikuwa ngeli ya KI-VI: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Nikasimama mbele yao nikavunja viti mpaka kipindi kikaisha. Ruhusa ningeweza kuomba, lakini fomu iliuliza marehemu ni nani wangu, ikataja mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa kuzaliwa nao, na pa kumweka mama mdogo sikupaona. Sheria ya kazi ya taifa zima la Marekani haimlazimishi mwajiri kulipa siku za msiba. Kila mwajiri ana utaratibu wake, na yako majimbo machache yaliyotunga sheria zao. Walimu wenzangu waliniwekea kadi yenye saini zao. Walikuwa wema kwa jinsi yao. Hakuna aliyekuja nyumbani, kwani kwao kumwachia mfiwa nafasi ndiyo heshima.

Aliyekuja ni mama mmoja wa Bukavu, ambaye tulikuwa tukisalimiana tu kwenye duka la vyakula vya Kiafrika. Alizipata habari kwa mwenye duka. Akaja jioni na sufuria ya sombe, kisamvu chetu cha Tanga, akavua viatu, akavipita viti vyangu, akaketi chini kwenye zulia. Yeye ni Mkristo, Tanga hajawahi kufika, na Kiswahili chake na changu hupotezana kila baada ya sentensi mbili. Baada ya pole hakusema mengi. Aliuliza marehemu alikuwa akipika nini. Nikamwambia mkate wa kumimina. Nikamweleza jinsi mchele ulivyosagwa na tui, jinsi alivyotia makaa juu ya kifuniko, akainama kunusa badala ya kufunua, na jinsi alivyonifukuza jikoni nikikaribia kabla mkate haujaiva. Niliongea mpaka sombe ikapoa. Mama yule ndiye mtu wa kwanza kukaa nami matanga.

Ndiyo maana nawaomba wenye jamaa mbali: mkifiwa, mpigieni kabla ya kuzika. Akiwa amelala, mwamsheni. Mkiogopa kwamba yuko peke yake, mtafuteni kwanza mtu wa kwenda kumgongea mlango. Siku hizi hakosekani anayemjua anayeishi jirani. Kisha mpeni kazi. Kuna ndugu wa Nairobi na Muscat ambao lazima wajulishwe kabla ya adhuhuri, na simu anayo.