Nauli ya Wimbo

Wimbo hauna uzito. Huvuka bahari bila ya pasipoti, hupita forodhani bila ya kufunguliwa mzigo, na huweza kumliza mtu asiyejua hata neno moja la lugha yake. Lakini mwimbaji ana uzito. Anahitaji kiti, kitanda, chakula na ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu. Tofauti hii baina ya wimbo na mwimbaji ndiyo asili ya taabu ya kila kundi la muziki linalotaka kwenda ng'ambo, na aghalabu wenye sauti njema si wenye mifuko iliyojaa.

Nauli ya wimbo imelipwa na watu wa namna tatu. Wa kwanza ni mfanyabiashara. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Kampuni ilitaraji kuuza, na santuri ziliuzwa. Huyu ni mlipaji mwema maadamu hesabu yake inamrudishia faida. Hesabu ikigeuka, naye hugeuka.

Wa pili ni serikali. Tamasha la sanaa za watu weusi lililofanyika Dakar mwaka 1966, chini ya Rais Léopold Sédar Senghor, na lile la Lagos mwaka 1977, yalikusanya wasanii wengi ambao wasingalifika kwa fedha zao. Serikali hulipa kwa ukarimu, lakini huchagua nani aende na nani abaki, na kundi dogo la mtaani mara nyingi halimo katika orodha.

Wa tatu ni waimbaji wenyewe. Huyu ndiye maskini kuliko wote watatu, naye ndiye anayestahili kutazamwa zaidi, kwa sababu safari yake huanza katika daftari la michango miezi mingi kabla ya kuanza katika kiwanja cha ndege.

Uko mji mmoja ambao kwa miaka mingi umepokea wasafiri wa namna hii ya tatu. Mji huo ni Llangollen, mji mdogo wa kaskazini-mashariki ya Wales, kando ya mto Dee. Wales ina desturi ya kale ya mashindano ya ushairi na muziki yaitwayo eisteddfod, neno lenye asili ya kitenzi cha Kiwales kiletacho maana ya kukaa, ni kikao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mwandishi wa magazeti, Harold Tudor, alitoa shauri kwamba kikao cha namna hiyo kifunguliwe kwa mataifa yote ili watu waliopigana waimbiane. Kikao cha kwanza kilifanyika Juni, 1947. Ulaya ilikuwa bado na njaa na magofu. Waimbaji wa kwaya ya wafanyakazi kutoka Hungaria walikuta reli za Ufaransa zimefungwa na mgomo, wakaomba kupakiwa katika magari ya watu njiani mpaka wakafika. Wenyeji waliwalaza wageni majumbani mwao. Mwaka 1949 ilifika kwaya kutoka Lübeck, Ujerumani, miaka minne tu baada ya vita, ikakaribishwa jukwaani kwa jina la rafiki. Mwaka 1955 kwaya ya Modena, Italia, ilichukua tuzo ya kwanza ya kwaya za wanaume. Miongoni mwa waimbaji wake alikuwamo kijana wa miaka 19, Luciano Pavarotti, pamoja na baba yake. Baadaye alisema ushindi ule ndio uliomtia moyo wa kuufanya uimbaji kuwa kazi yake, na mwaka 1995 alirudi katika mji ule ule akiwa bingwa wa dunia.

Habari hizi huvutia sana zikisimuliwa mbali. Ziliwavutia watu 18 wa kwaya moja ya Dar es Salaam, wenye sauti zote nne. Baina yao walikuwamo walimu, makarani, muuguzi, mama wawili wenye biashara ya kupika, msichana aliyetoka chuoni karibuni na bado hana kazi, na fundi cherehani mmoja aliyeimba sauti ya nne. Fundi huyu alikuwa nguzo ya kwaya. Wengine walipopotea katikati ya wimbo, waliitafuta sauti yake kama mtu atafutavyo ukuta gizani.

Walianza kwa daftari. Mtunza fedha, mama mmoja wa biashara ya kupika, aliandika vifungu vitano: viza, nauli ya ndege, nauli ya reli, malazi na chakula, na akiba ya dharura. Watu wasiowahi kupanga safari hudhani kwamba urahisi wa safari hutokana na kutafuta tikiti ya bei ndogo. Kwaya ile iligundua kwamba bei ya tikiti ni fundo moja tu la kamba ndefu. Julai, mwezi wa kikao cha Llangollen, ni mwezi ambao familia nyingi za Ulaya husafiri, kwa hiyo nauli hupanda na anunuaye mapema huokoa mengi. Lakini viza ya matembezi ya Uingereza haiombwi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na serikali yenyewe huwashauri watu wasinunue tikiti kabla ya kuipata. Basi anayengoja viza hununua ghali, na anayenunua rahisi hununua bila ya viza.

Njia ilikuwapo katikati. Mashirika mengi ya ndege huhesabu watu 10 au zaidi kuwa kundi, hupokea malipo ya awali, na huruhusu majina yaletwe baadaye. Nauli ya kundi si lazima iwe ndogo kuliko zote. Tena huwa ghali wakati mwingine, kwa maana viti vya bei ya chini katika ndege moja huwa vichache, na anayetaka viti 18 kwa pamoja huuziwa vyote kwa bei ya juu. Lakini kwaya haikununua upungufu wa bei, ilinunua muda. Kwa watu wasio na hakika ya ruhusa, muda ni bora kuliko punguzo.

Katika reli hesabu ilikuwa nyepesi. Huko Uingereza kampuni nyingi za reli hupunguza thuluthi ya nauli kwa kundi la watu 3 mpaka 9 wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano. Watu 18 ni makundi mawili ya watu tisa. Treni ya abiria ya kawaida haifiki tena Llangollen tangu mwaka 1965. Wasafiri hushuka Ruabon wakapanda basi. Kuhusu ngoma, waliacha moja nyumbani. Ilikuwa imewambwa ngozi ya kenge, kama ilivyo engalabi ya Waganda, na kenge wote wamo katika mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama ulioanza kutumika mwaka 1975. Ngozi yake haivuki mpaka bila ya kibali. Walichukua ngoma ya ngozi ya kawaida yenye kuingia katika mzigo mmoja, baada ya kuuliza masharti ya forodha.

Mambo hayo yote yalikuwa magumu, lakini hayakumgombanisha mtu na mwenziwe. Ugomvi ulizuka mahali palipodhaniwa kuwa pepesi kuliko pote, katika neno "sawasawa". Kwaya ilikuwa imekubaliana kwamba gharama yote igawanywe kwa 18, kila mtu atoe fungu lake kila mwezi. Hakuna aliyeona dhuluma katika hesabu hiyo. Mwezi wa saba fundi cherehani alikuwa nyuma kwa mafungu matatu.

Katika kikao karani mmoja alisimama. Hakuwa mtu mbaya, na maneno yake yalikuwa na haki ndani yake. Alisema, "Ndugu zangu, sharti ni sharti. Tukimngoja mmoja, tutawapoteza kumi na saba. Fundi namheshimu, lakini tarehe ya kulipa shirika la ndege haitamheshimu." Wengi walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa ni kukubali.

Mtunza fedha aliomba ruhusa, akafungua daftari katika ukurasa ambao hakuna aliyeuona. Alikuwa ameandika siku za safari, siku 11, na mbele ya kila jina siku hizo zingemgharimu nini mwenyewe. Mbele ya walimu na makarani palikuwa na sifuri, kwa kuwa walikwenda katika likizo yenye mshahara. Mbele yake mwenyewe na mwenziwe wa biashara palikuwa na hasara ya siku 11. Mbele ya fundi palikuwa na siku 11 za kibanda kilichofungwa, kodi ya kibanda isiyosimama, na wateja ambao wangekwenda kwa fundi mwingine na labda wasirudi. Alisema, "Mwalimu, wewe na fundi mnatoa fungu moja. Lakini safari ikiisha, wewe utakuwa umelipa mara moja, na fundi atakuwa amelipa mara mbili. Hiyo si sawasawa. Hiyo ni kulingana kwa karatasi."

Kauli hii ndiyo kiini cha jambo zima. Usawa wa mchango si usawa wa mzigo. Safari inayoitwa rahisi ni rahisi kwa nani? Fedha iliyo sawa huwa nyepesi mkononi mwa mmoja na nzito mkononi mwa mwingine, na kundi lisilolijua hilo huwabagua watu wake bila ya kukusudia. Halisemi kwamba fundi asiende. Hupanga tu hesabu ambayo fundi haiwezi, kisha husikitika kwamba hakuiweza. Katika njia hii kwaya nyingi hupoteza sauti zao za nne, na hazijui zimezipoteza lini.

Mjadala ulichukua vikao vitatu. Fundi mwenyewe alikataa kuchangiwa. Alisema hakuja kwaya kuwa mzigo. Ilibidi aelezwe kwamba hapewi sadaka bali anahesabiwa upya. Mwishoni waliandika kanuni mbili. Ya kwanza: siku za kazi zinazopotea ziingizwe katika gharama ya safari kama kifungu cha sita, na jumla yote ndiyo igawanywe, ili anayepoteza siku apunguziwe fedha. Ili jumla isipande, walipunguza siku za safari kutoka 11 mpaka 8, wakafuta matembezi ya London yaliyokuwa furaha ya vijana. Ya pili: hasara yoyote ya njiani, hata ikimpata mmoja, iwe ya wote.

Kanuni ya pili ilijaribiwa kabla ya ya kwanza kuzoeleka. Maombi ya viza hupimwa mtu mmoja mmoja, hata wakiwa kundi. Afisa hutazama kazi ya mwombaji, akiba yake, na sababu zitakazomrudisha kwao. Fedha nyingi zilizoingia ghafla katika benki humtia shaka badala ya kumridhisha. Fundi, ambaye wote walimhofia, alipeleka leseni ya biashara, mkataba wa kibanda na daftari la miaka mitatu la wateja wake, akapewa ruhusa. Msichana aliyetoka chuoni alinyimwa. Hakuwa na kazi, hakuwa na mali, na ujana wake wenyewe ulisomwa kama ushahidi dhidi yake. Ada ya viza, ambayo ni zaidi ya pauni 100, hairudishwi kwa anayenyimwa.

Msichana alileta barua ile katika mazoezi, akaimba jioni hiyo kama kawaida. Mazoezi yalipokwisha karani aliyesema kwamba sharti ni sharti alikuwa wa kwanza kwenda mezani kwa mtunza fedha na kutoa sehemu yake ya hasara ya msichana. Hakusema neno. Sharti lilikuwa sharti, na safari hii lilikuwa upande wa aliyeanguka.

Watu 17 walikwenda wakarudi. Hawakupata tuzo. Waliimba dakika chache katika jumba kubwa lililojengwa mwaka 1992 kwa ajili ya kikao kile, na kijana aliyetunza saa alisema baadaye kwamba hesabu ya mwaka na nusu ilitumika kwa muda usiotosha kuivisha wali. Alisema kweli. Lakini muda ambao wimbo huchukua jukwaani haujapata kuwa kipimo cha thamani ya maandalizi yake. Tunda huliwa kwa dakika, na mti hupandwa kwa miaka.

Wanafunzi wa fasihi wamejifunza kukusanya nyimbo, na ni kazi njema. Maneno huandikwa, mizani huhesabiwa, vina hupangwa, na jina la mtunzi likijulikana hutajwa kwa heshima. Daftari la mtunza fedha halikusanywi. Likijaa hutupwa, au karatasi zake hufungia maandazi. Hata hivyo ndimo yalimoandikwa nani aliimba na nani alinyimwa kuimba, nani alifunga kibanda chake, nani aliacha matembezi ili mwenziwe apate kiti. Mtafiti akitaka kujua kwa nini kwaya fulani ilikuwa na sauti nzito ya nne, na nyingine ya mtaa wa pili haikuwa nayo, asisome nota peke yake. Aombe kuonyeshwa daftari.