Bunia mpaka Beni ni mbali gani?

Ukiweka rula juu ya ramani ya kalasi, kutoka Bunia mpaka Beni unapata kilometa kama 145. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tano wanalipata jibu hilo wenyewe, na haikosi mmoja wao kuuliza: "Mwalimu, mbona baba alitumia siku mbili?"

Swali lake ni la haki. Rula inapita juu ya pori, lakini barabara haipiti hivyo. Inatoka Bunia kuelekea magharibi mpaka Komanda, ndipo inapinda kusini: Luna, Eringeti, Oicha, halafu Beni. Zote pamoja ni kama kilometa 200. Barabara ikiwa nzuri na amani ikiwepo, ni safari ya siku moja, na jioni unakula kwa ndugu yako. Lakini sote tunajua yaliyowapata watu kati ya Komanda na Eringeti. Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na bado kuna siku magari yanapanga mstari kungoja kusindikizwa na askari. Siku hiyo kilometa haina kazi tena.

Ndege ndogo inakwenda karibu kilometa 300 kwa saa. Gawanya 145 kwa 300: karibu nusu saa. Ongeza kupanda na kushuka, ni dakika 40 hivi. Sufuria ya maharagwe haijaiva, mtu amefika.

(Wenye watoto Kinshasa, angalieni saa kwenye tiketi. Kule ni karibu kilometa 1.780 kwa mstari wa moja kwa moja, na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Anayetoka hapa saa mbili asubuhi akafika saa nne ya Kinshasa amekaa njiani saa tatu, si mbili.)

Haya yote yalitufikia kwenye likelemba. Mama mmoja wa kundi letu ana binti Beni, mimba ya kwanza, siku zimekaribia, na mama mkwe hayuko. Kwa gari angeweza kulipa. Kwa ndege feza haikutosha, na sisi walimu tunajua tiketi inavyokula mshahara. Wengine walisema apande gari, Mungu atamlinda. Wengine tulinyamaza, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa yule aliyemwambia nenda.

Kisha mama aliyekuwa na zamu ya kupokea akasema zamu yake ipelekwe mbele. Ilikuwa ya mabati, nasi tuliona tayari miti imesimama kwenye kiwanja chake. Hakuna aliyemwomba.

Basi ikabaki kazi ya mizigo. Kwenye ndege ndogo wanapima furushi, na mara nyingi abiria naye anapanda mizani mbele ya watu wote, jambo ambalo wamama wengi hatulipendi. Tulilipima furushi mapema kwa mizani ya muuza mchele. Unga wa muhogo ukatolewa, Beni upo. Vitenge vya mtoto vikabaki, na samaki wakavu wa Tchomia pia, ingawa tulibishana sana juu ya harufu.